Hela ya mteremko, na ya nani?

SWALI: Mikorosho ikiwa na maua, kijana amenijia akasema: "Bibi, hii hela ya mteremko, chukua laki na nusu leo, msimu ukifika nitachota bakuli mia." Wajukuu wanasema hiyo ni kangomba. Mteremko ni nini hapo, na kangomba ni nini?
Bibi, Tandahimba

JIBU: Shikamoo bibi. Mteremko ni pato lisilotolewa jasho. Vijana husema "kapata kwa mteremko" au "anapenda mteremko". Wengine huita kitonga. Neno hili lina kejeli ndani yake: ukimwambia mkulima kuwa hela yake ni ya mteremko, umemtukana. Mserereko, yaani kufanikiwa kwa wepesi, ni afadhali. Mgombea "aliyeshinda kwa mserereko" hatanuna.

Kangomba ni kununua korosho ghafi kinyemela, nje ya chama cha msingi cha ushirika, kwa bakuli au kopo badala ya mizani, mara nyingi zikiwa bado mtini. Kwenye ufuta utasikia chomachoma. Kwa wenye kahawa kule Kagera, butura.

Sasa lile bakuli. Kijana analihesabu kilo moja, lakini likijazwa mpaka lifanye kilima huweza kubeba kilo moja na nusu. Bakuli mia ni kilo 150, kwa hiyo shilingi 150,000 zake ni shilingi 1,000 kwa kilo. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300. Kwa bei ile mzigo huohuo ungefika 495,000. Hata ukitoa makato ya ushirika na halmashauri, unaona anayeteremka ni nani. Ukibisha, libebe bakuli lake hadi kwenye mizani ya duka.

Tunajua kwa nini watu huchukua: salfa ya kupulizia mikorosho inatakiwa, ada ya shule inatakiwa, na malipo ya korosho zilizopelekwa ghalani kupitia chama huja baada ya mnada. Kama umeshapokea, omba kumrudishia fedha taslimu, si bakuli, na mbele ya shahidi.

Kwa mzigo uliobaki, okota zilizoanguka zenyewe, kochoa mabibo (yaani tenga korosho na tunda lake), anika juani siku mbili tatu, kisha tenga mbovu na changa, maana zikichanganyika gunia zima hushuka daraja la pili. Kwenye chama simama karibu na mizani, usiondoke bila stakabadhi yenye kilo na daraja. Hakikisha pia jina lililoandikwa pale linafanana na la akaunti yako ya benki. Herufi moja ikikosewa, malipo hukwama.