Jibu: Sarafu ya Kirumi iliyolika, yenye askari wawili

Mkuu, umeuliza kama sarafu yako ya Kirumi iliyolika bado inaweza kutambulika. Sarafu ya shaba ya milimita 17, kichwa upande mmoja na askari wawili wenye mikuki upande wa pili, hutambulika hata maandishi yakifutika. Hesabu bendera za jeshi kati ya askari. Mbili: takriban mwaka 330 hadi 335 BK. Moja: kuanzia 335. Ni enzi za mtawala wa Kirumi Konstantino na wanawe, na maandishi yalikuwa GLORIA EXERCITVS (Kilatini, "utukufu wa jeshi").

Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, usome herufi zilizo chini ya miguu ya askari: ni alama ya mji sarafu ilikotengenezwa. TR ni Trier, SMAN Antiokia. CONS ni Constantinople, lakini ina mtego: PCONST ni Arles, si Constantinople. Jina la mtawala huenda usilipate. Na usiisafishe sarafu kwa siki kabisa, utaiharibu!