Maswali na majibu: Uongozi wa mashirika ungali chuoni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka vyuoni, na zote zinazunguka jambo moja: mtu afanye nini kabla ya kumaliza digrii ili aje kuaminiwa kuongoza shirika lisilo la faida. Nimekaa miaka mingi upande wa fedha wa mashirika haya hapa Kisumu, kwa hivyo majibu yangu yana harufu ya leja. Mniwie radhi.

Niko mwaka wa tatu Maseno, nasomea maendeleo ya jamii. Nasikia wenzetu Marekani humaliza chuo na digrii mkono mmoja, cheti cha uongozi wa mashirika mkono wa pili. Kwetu kipo?

Ulichosikia ni kweli. Cheti hicho hujulikana kwa herufi CNP (Certified Nonprofit Professional) na hutolewa na Nonprofit Leadership Alliance, iliyoanza Kansas City mwaka 1948 kwa jina la American Humanics. Mwanafunzi hukisomea humo humo chuoni, katika vyuo vilivyojiunga na mpango huo, na kwa desturi hutakiwa kufanya kazi ndani ya shirika kwa saa 300 hivi.

Huku kwetu itakubidi kuokota vipande na kuvishona mwenyewe. Kipande kikubwa unacho tayari, ila hukioni: atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Wiki 12, siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, hizo ni saa 480. Umewapita wa Marekani kwa saa 180! Shida ni kwamba wengi wenu mnazimaliza mkitoa nakala na kutumwa maandazi. Siku ya kwanza tu mwombe msimamizi akupe kitu kimoja kitakachokuwa chako hadi siku ya mwisho, iwe ripoti ya mwezi, iwe daftari la mali ya ofisi. Ukiondoka, ondoka na barua inayotaja kitu hicho kwa jina.

Kipande cha pili ni Tuzo ya Rais (President's Award), mpango wa vijana ambao uko Kenya tangu 1966. Wengi mnaijua kwa kupanda milima mkiwa sekondari, lakini mlango uko wazi kwa wenye miaka 14 hadi 24, na ngazi ya Dhahabu ina huduma kwa jamii ndani yake. Ukiingia Dhahabu moja kwa moja, bila kupitia ngazi ya Fedha iliyo chini yake, hesabu miezi 18. Kwa hiyo usingoje mwaka wa nne.

Cha tatu ni Project DPro, cheti cha usimamizi wa miradi kilichotungwa kwa ajili ya mashirika ya maendeleo hasa. Kitabu chake cha mwongozo hupakuliwa bure, mtihani ndio unaolipiwa. Soma kitabu sasa, mtihani uufanye pesa zikipatikana.

Kuna kozi imetumwa kwenye grupu yetu ya WhatsApp hapa Njoro: "Stashahada ya Kimataifa ya Uongozi wa NGO," wikendi mbili, shilingi 15,000, na wa kwanza 20 wanapunguziwa. Nichukue?

Stashahada ya wikendi mbili? Hata ugali wa watu wengi hauivi hivyo.

Waulize wana kibali cha TVETA, ambayo ndiyo huidhinisha vyuo vya ufundi na vyuo vya kati, kisha usisadiki picha ya kibali watakayokutumia. Thibitisha na TVETA yenyewe. Suala la cheti kutambuliwa au kutotambuliwa nchini ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA. Neno "kimataifa" halimaanishi chochote mpaka utajiwe taifa la pili ni lipi.

Ukitaka tu kujifunza, fungua Kaya, jukwaa la Humanitarian Leadership Academy. Kozi ni za bure, na ukimaliza unapewa uthibitisho. Hautakupa kazi, lakini nao hautakuacha bila nauli.

Nasoma Masinde Muliro na jioni nauza chipsi Lurambi. Sina saa za kujitolea kwenye shirika kubwa. Je, nimekwisha?

Hujakwisha, mdogo wangu. Tena nikikaa kwenye jopo la kuajiri nami nikawa na mamlaka, ningekuita wewe kabla ya yule mwenye vyeti saba.

Nikueleze kwa nini. Mwaka wangu wa pili chuoni nilijitolea katika shirika moja, jina nalihifadhi. Nikakabidhiwa masurufu, yaani pesa za kutumia kisha kutolea hesabu, shilingi 8,000 za chai ya kikao cha wazazi kijijini. Mandazi nilinunua kwa mama mmoja kando ya barabara, maziwa kwa jirani yake, maji yakaletwa na boda, sukari nikatoa dukani. Watu wakala, wakaomba dua, wakanishukuru. Nikarudi ofisini nikiwa na risiti moja tu, ya sukari, shilingi 640. Mhasibu aliitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba zingine zimejificha huko, halafu akaniuliza kwa upole, "Na hizi 7,360 ziko wapi?"

Zilikuwa matumboni mwa wazazi. Nilikatwa zote kwenye posho, na posho yenyewe ilikuwa jina tu, kwa hiyo deni lilinifuata miezi mingi. Mpaka leo naona nilionewa, maana hakuna aliyenifundisha kabla sijatoka kwamba mama wa mandazi angeweza kutia sahihi kwenye vocha, akaandika namba ya simu na ya kitambulisho pembeni, na vocha ikakubaliwa. Lakini siku ile ndiyo niliyoanza kuelewa kazi hii. Hotuba kila mtu anaziweza. Anayetafutwa na mfadhili ni yule anayeweza kuonyesha shilingi iliingia lini, ikatokea wapi, nani aliipokea.

Sasa wewe unauza chipsi. Unajua mtungi wa mafuta umepanda bei, unajua gunia la viazi linatoa sahani ngapi. Hiyo ni bajeti. Tafuta kikundi kidogo kilicho karibu nawe, chama cha wenye vibanda, kwaya, hata kikundi cha mazishi cha watu wa kwenu, ukubali kuwa katibu au mweka hazina kwa mwaka mmoja. Ni saa mbili kwa wiki. Andika kumbukumbu za kila mkutano, michango yote ipite M-Pesa, na kila mwisho wa mwezi uwasomee wanachama hesabu kwa sauti. Watakuuliza maswali makali kuliko mkaguzi yeyote, hasa akina mama.

Jambo moja usilifanye kamwe: kuwatilia watu sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Nimewahi kuletewa orodha ya watu 40, na "A" zote zimeinamia kushoto.

Mwanangu yuko Egerton na anang'ang'ania kazi za NGO. Mimi naona kwenye habari wafadhili wameondoka. Nimwambie ahamie ualimu? (Mama wa Nakuru)

Mama, hofu yako ina msingi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada hiyo, likafungwa. Huku Nyanza, ambako miradi mingi ya ukimwi ilisimama juu ya fedha hizo, tuliona ofisi zikifunga milango na watu waliozoea mshahara wa mwezi wakiuliza bei ya kibanda.

Hata hivyo usimhamishe. Ualimu wenyewe una foleni yake, unaijua. Mwambie tu asisomee "NGO" peke yake. Achukue masomo ya uhasibu, ununuzi au takwimu pamoja na hayo anayoyapenda. Mwenye kujua kuandaa hesabu na kuandika ripoti hupokelewa kwenye sacco, hospitali ya misheni na kaunti, na mashirika yakirudi atakuwa tayari. Wanaoumia zaidi wakati wa ukame ni wale ambao ujuzi wao wote ulikuwa kuendesha warsha hotelini.

Sisi ni wanafunzi sita hapa Bondo, tunafundisha watoto hisabati Jumamosi. Tunataka kusajili NGO kabla ya kumaliza chuo.

Kwa nini NGO? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ndiyo husimamia NGO sasa, ilianza kutumika Mei 14, 2024, na imekuja na mamlaka mpya na wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka. Kwa ubao mmoja na chaki, huo ni mzigo wa punda kumpa mbuzi.

Anzeni kama kikundi cha jamii, chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi hivyo. Mnahitaji wanachama wasiopungua kumi, kwa hiyo tafuteni wanne, na nawasihi wawe wazazi wa hao watoto, si wanafunzi wenzenu. Nyinyi mtamaliza chuo na kutawanyika. Wazazi wako pale. Andikeni katiba fupi, mfanye mkutano wenye kumbukumbu, kisha mwende ofisi ya maendeleo ya jamii mkaulize kilichobaki.

Nina miaka 24 na miezi tisa. Dhahabu ya Tuzo ya Rais bado inawezekana?

Kama ndiyo unaanza leo, umechelewa, maana ni lazima uwe umemaliza kabla ya kutimiza 25. Lakini vijana wa Tuzo husimamiwa na watu wazima wanaojitolea. Nenda shule ya sekondari iliyo karibu nawe ukaulize kama wanahitaji msaidizi. Huko umri wako si kosa.