Hijabu tu, au kuna zaidi?

SWALI: Mhariri shikamoo, mdogo wangu anasoma sosholojia anataka abobee kwenye jinsia na siasa za Iran, sasa si ni mambo ya hijabu tu hayo?

JIBU: Marahaba. Hapana mwanangu, hijabu ni mlango tu. Wanawake wa Iran walipata haki ya kura 1963, yakaja mapinduzi ya Kiislamu ya 1979 na Machi ya mwaka huohuo wakajaa barabarani Tehran kukataa kulazimishwa kujifunika, halafu 2022 Mahsa Amini, miaka 22 tu jamani, akafariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, wanaosimamia mavazi, kwa madai hakuvaa hijabu ipasavyo, inauma sana. Alikuwa Mkurdi, jamii ya wachache huko Iran, wa mji wa Saqqez, kwao wanamwita Zhina, jina lake la Kikurdi, na hapo ndo utambulisho wa kikabila unapoingia. Mtafiti anaangalia hata kitambaa kilichosogezwa nyuma kidogo nywele za mbele zionekane, maana hiyo nayo ni siasa. Mwache asome, ila aanze Kifarsi, lugha ya Iran, mapema.