Homa ya anayejidunga si ya kungojea

SWALI: Assalaam aleikum. Mdogo wangu ana miaka 26, anajidunga unga. Wiki ya pili hii homa inapanda na kushuka, usiku anatetemeka hadi kitanda kinalia, anakohoa, na kifua kinamchoma akivuta pumzi. Malaria hana. Duka la dawa walimpa amoksilini, akapata nafuu siku tatu, homa ikarudi. Jirani anasema ni TB. (Dada, Chake Chake)

JIBU: Waaleikum salaam. Mpeleke hospitali leo, wala msimwongezee dawa nyengine ya dukani. Anayejidunga akipata homa, moyo ndio wa kushukiwa kwanza. Sindano hupita kwenye ngozi isiyosafishwa (wengine huilamba kabla ya kuchoma) ikaingiza bakteria mshipani. Damu ya vena hufikia upande wa kulia wa moyo, bakteria wakanata kwenye vali (vilango vya moyo) na kuota kama vinundu laini. Vikimeguka, vinakwama mapafuni. Hapo ndipo unapotoka ule mchomo, na eksirei yenye madoa ambayo kila mtu huiita TB. Makohozi yapimwe, sawa, lakini msiishie hapo.

Kipimo chenyewe ni kuotesha damu maabara kuona kama ina bakteria: hutolewa mara tatu, sehemu tofauti, kabla ya antibiotiki kuanza. Amoksilini ile huenda imewadhoofisha bakteria bila kuwamaliza, na damu isioteshe kitu. Kwa hivyo mwambieni daktari alimeza kidonge cha mwisho lini, na mwambieni wazi kwamba anajidunga. Mkificha, atatafuta kwengine kabisa.

Tiba ni dawa ya mshipani, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Wagonjwa hutoroka wodini, na si ukaidi: saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho arosto (mateso ya kukosa unga) inaanza, miayo, makamasi, tumbo kukata. Ulizeni methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, siku ya kwanza. Unguja inatolewa Kidongo Chekundu. Kama keshaanza kuinywa, daktari ajue, maana rifampisini, dawa ya TB, huipunguza nguvu na arosto hurudi. Na akitoka wodini bila methadoni, kipimo chake cha zamani cha unga kinaweza kumuua, kwa sababu mwili umeshakisahau.

SWALI: Nina uvimbe kinenani, pale ninapojidunga. Niutumbue? (Msomaji, Michenzani)

JIBU: Usiutumbue. Weka vidole viwili juu yake taratibu. Ukidunda pamoja na moyo, yumkini ni ukuta wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ulioachia, na ukitobolewa damu haizuiliki nyumbani. Hata usiodunda upigwe ultrasaundi kwanza, ndipo daktari apasue.