Wadogo Zangu Mnaoandika Kuhusu Malan

Wiki hii nimesoma mapendekezo sita ya utafiti ya wanafunzi wapya wa uzamili kuhusu Malan, waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, na manne kati yake yanaanza kwa dai lilelile: kwamba mwaka 1948 Makaburu walitwaa madaraka Afrika Kusini na kuanzisha ubaguzi wa rangi. Siwezi kunyamaza, kwa sababu dai hilo niliwahi kuliandika mimi mwenyewe, na liliniponza.

1. Chungeni neno "Kaburu", yaani Mzungu wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kidachi. Sisi tuliokua wakati wa harakati za ukombozi tulilipokea neno hili likiwa na hukumu ndani yake, nalo lilimtosha kila aliyeketi Pretoria. Katika sura yangu ya pili niliandika kwamba Makaburu walimchagua Daniel François Malan kwa sauti moja dhidi ya Waingereza wa Jan Smuts, waziri mkuu aliyekuwa madarakani. Niliifanyia kazi sura ile miezi mitano na niliamini kwamba ndiyo nguzo ya tasnifu yangu. Siku ya kuiwasilisha mbele ya jopo, mwalimu mmoja mzee aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, Smuts alizaliwa wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba Smuts alikuwa Kaburu kama Malan, kwamba wote wawili walitoka eneo la Riebeek West katika Koloni la Rasi (Cape), na kwamba Smuts, aliyemzidi mwenzake miaka minne, alimfundisha Malan katika shule ya Jumapili. Kisha akauliza matokeo ya kura. Nilijua kwamba Malan alishinda, basi. Sikujua kwamba chama cha Smuts ndicho kilichopata kura nyingi zaidi nchini, wala kwamba Malan na mshirika wake Havenga walipata viti 79 kati ya 153 kwa kuwa majimbo ya mashambani yalikuwa na wapigakura wachache kuliko ya mijini. Sura nzima ilirudishwa. Nililia usiku ule, na kilichoniuma zaidi ni kwamba takwimu hizo zilikuwa katika kitabu nilichokuwa nimekiazima tangu muhula wa kwanza, nami nilikisoma nikitafuta tu mistari ya kunukuu.

2. Msianzie mwaka 1948. Sheria ya ardhi iliyowabana Waafrika ni ya mwaka 1913, na Waafrika wa Rasi waliondolewa katika daftari la pamoja la wapigakura mwaka 1936, wakati wa waziri mkuu Hertzog, Malan akiwa upinzani. Alichofanya Malan ni kuuchukua ubaguzi uliokuwepo na kuufanya itikadi na mfumo kamili: sheria ya kupiga marufuku ndoa za mchanganyiko mwaka 1949, kisha mwaka 1950 ile ya kuwaandikisha watu kwa rangi na ile ya kuwatengea maeneo ya makazi. Kusema hivi hakumpunguzii lawama hata kidogo.

3. Fuateni mifarakano. Malan alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kidachi la Reformed, mwenye udaktari wa Utrecht wa mwaka 1905, aliyeacha mimbari mwaka 1915 ili kuhariri gazeti la Die Burger. Alikuwa waziri wa Hertzog tangu mwaka 1924, na mwaka uliofuata Kiafrikana, lugha ya Makaburu, kikawa lugha rasmi. Hertzog alipounganisha chama chake na cha Smuts mwaka 1934, Malan alikataa na kubaki na kundi dogo lililojiita "lililotakaswa". Someni neno hilo polepole, kwa maana limetoka kanisani, na mwanafunzi anayeruka miaka yake ya uchungaji hataelewa kwa nini wafuasi wake waliuona ubaguzi kuwa wajibu.

4. Andikeni tarehe kamili za sheria. Jopo huanzia hapo.

5. Msifunge sura kwa kifo chake cha mwaka 1959 huko Stellenbosch. Ifungeni Novemba 1954, alipostaafu akitaka Havenga amrithi, na chama alichokijenga kwa miaka 20 kikamkatalia na kumchagua Strijdom, mwenye msimamo mkali kuliko wake.