Kabla hujaacha chuo ukacheze soka la kulipwa, uliza kama utapata namba

Swali hili huja zaidi mwishoni mwa Novemba, msimu wa soka la vyuo Marekani unapoelekea ukingoni: "Dada, kuna timu imenitafuta. Niende, au nimalize chuo kwanza?" Anayeuliza ni binti wa miaka ishirini hivi, mara nyingi mtoto wa familia ya Kikongo au ya Kikenya aliyekulia Texas, Kentucky au Ohio. Kiswahili anazungumza na mama yake jikoni, na mabao amefunga ya kutosha hadi watu asiowajua wameanza kumpigia simu.

Mimi nilicheza beki wa kushoto kwenye chuo cha Divisheni ya Kwanza, nikabaki hadi nikamaliza, nikaenda kucheza Skandinavia, na sasa ni kocha msaidizi chuoni. Jibu langu huwa linawakera kidogo kwa sababu halianzi na shahada wala mshahara. Ukifika huko utapata namba, au utakwenda kusugua benchi? Hilo likijulikana, mengine yote yanakuwa rahisi kuyapima.

Tuichukue Stanford ya 2019. Ilitwaa ubingwa wa vyuo kwa penalti dhidi ya North Carolina baada ya sare ya bila kufungana, na kwenye kikosi kile kulikuwa na watu watatu ambao leo kila mfuatiliaji wa soka la wanawake anawajua. Sophia Smith alikuwa mwaka wa pili. Aliwafunga UCLA mabao matatu peke yake kwenye nusu fainali, na Januari 2020 akaondoka, Portland Thorns wakamchagua wa kwanza kwenye drafti, ule utaratibu wa timu za kulipwa kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Catarina Macario alikusudia kuendelea, korona ikausogeza msimu wa 2020, na Januari 2021 akaenda zake Lyon, Ufaransa, bila kupita kwenye ligi ya Marekani. Naomi Girma, ambaye wazazi wake walihamia Marekani kutoka Ethiopia, aliumia goti, akapona, akacheza hadi 2021, na San Diego Wave wakamchagua wa kwanza kwenye drafti ya 2022. Januari 2025 Chelsea walimnunua kwa takriban dola milioni 1.1, mwanamke wa kwanza kuvuka dola milioni moja.

Mabinti hunitajia Smith, wazazi hunitajia Girma. Kila mtu huchukua mfano unaompendeza. Lakini angalieni wote walikuta nini walikokwenda. Smith, pamoja na kuchaguliwa wa kwanza nchi nzima, mwaka wake wa kwanza alicheza kidogo, kati ya majeraha na msimu uliovurugwa na korona. Uchezaji bora wa ligi aliupata 2022. Girma aliingia kwenye timu iliyokuwa inaanza msimu wake wa kwanza kabisa. Hapakuwa na beki wa kati aliyezoeleka pale, kila mtu alikuwa mgeni. Alianza tangu mechi za mwanzo na mwaka huohuo akatwaa tuzo mbili, ya chipukizi bora na ya beki bora wa ligi. Kipaji anacho, hilo halina ubishi, lakini mlango nao ulikuwa wazi.

Mimi wangu ulikuwa umerudishwa nusu. Nilipokuwa mwaka wa tatu, timu moja ilinialika kwenye kambi ya maandalizi ya msimu, bila mkataba, nikapambanie nafasi. Nilikuwa kwa mama mdogo siku za likizo. Nikafungua kompyuta mezani kwake, yeye akimenya ndizi upande wa pili, nikaanza kupitia orodha ya wachezaji wa timu ile jina kwa jina. Mabeki wa kushoto walikuwa watatu, mmoja wao wa timu ya taifa. Kocha alipopiga simu ya video nikamuuliza, mwaka huu mnatafuta beki wa kushoto? Akasema wanatafuta wachezaji wazuri. Nikamuuliza ananiona nikicheza wapi. Akacheka vizuri tu, mtu mstaarabu, akasema, "Tutaona ukifika."

Mama mdogo hafuatilii mpira. Hajui kuotea ni nini mpaka leo. Simu ilipokatika akasema, "Mwanangu, mtu mwenye shida na wewe angekwambia shida yake." Nikabaki chuo.

Simlaumu yule kocha, wala sisemi kambi za namna ile hazifai. Wapo waliopita humo wakasaini. Ila mimi chuoni nilikuwa nacheza dakika tisini, na kule ningekuwa wa nne kwenye foleni ya watu watatu. Umri wa miaka ishirini hadi ishirini na mbili ndio mwili na akili vinapokomazwa na mechi. Mazoezi na wakubwa yanafundisha, sikatai, lakini beki hajifunzi kusoma mpira wa nyuma ya mgongo wake akiwa amekaa na jaketi.

Hapohapo nisiwadanganye wanaocheza kila wiki chuoni. Mechi ya chuo si mechi ya ligi. Kanuni za vyuo zinaruhusu mchezaji aliyetoka kurudi uwanjani kipindi cha pili, kwa hiyo kocha anaweza kukupumzisha, ukanywa maji, ukarudi na mapafu mapya. Kwenye ligi ukitoka umetoka. Msimu wenyewe wa chuo ni mfupi, Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba, wakati NWSL, ligi kuu ya wanawake Marekani, inachezwa kuanzia Machi hadi Novemba. (Na ile saa ya vyuo inayohesabu kurudi nyuma hadi sifuri! Nilipofika Skandinavia ilinichukua muda kuzoea refa mwenye dakika zake mfukoni.) Kama chuoni unatolewa dakika ya sitini kila mechi kwa sababu pumzi imekata, kazi yako iko hapo kwanza, kabla hujazungumza na timu yoyote.

Kuna jambo wazazi wengi hawajalijua: drafti haipo tena. Mkataba mpya kati ya NWSL na chama cha wachezaji, uliotangazwa Agosti 2024 na unaofika hadi 2030, uliifuta. Zamani timu ilikuchagua, ukaenda usikopajua. Sasa mchezaji anayetoka chuo anazungumza na timu anayoitaka, na anaweza kuzungumza na kadhaa. Mkataba huohuo unasema huwezi kuhamishiwa timu nyingine bila ridhaa yako, na mikataba ya wachezaji ina uhakika wa kulipwa. Haya ni mambo makubwa. Maana yake ile orodha niliyoipitia mezani kwa mama mdogo, wewe unaweza kuipitia kwa timu tano na kuchagua ile yenye pengo kwenye nafasi yako. Uliza nani mkataba wake unaisha. Uliza kocha mwenyewe mkataba wake unaisha lini, maana anayekupenda akifukuzwa Juni, anayekuja Julai hana habari na wewe.

Kuhusu uhakika wa kulipwa, msiuone mdogo. Macario alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2022, Lyon wakiwafunga Barcelona 3–1, na siku chache baadaye akaumia goti vibaya hadi akakosa Kombe la Dunia la 2023. Croix Bethune, aliyecheza chuo hadi mwisho na kuingia NWSL 2024 akiwa ameiva, alitoa pasi kumi za mabao na kuwa chipukizi bora wa ligi katika msimu ambao hakuumaliza. Goti lake liliumia Agosti, na hata si uwanjani kwake: ni baada ya kurusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya besiboli aliyoalikwa kama mgeni wa heshima. Kwa hiyo mkataba usomeni hadi kifungu cha majeraha, na kama Kiingereza cha mawakili kinawashinda, mlipeni mwanasheria asome. Saa moja yake ni nafuu kuliko mwaka wako mzima.

Fedha nitazipitia haraka. Kima cha chini cha NWSL kwa 2025 kilikuwa dola 48,500 kwa mwaka, na kitapanda hadi 82,500 ifikapo 2030. Wengi wanaoanza huanzia karibu na hapo chini. Ule mkataba wa dola milioni 1.1 kwa miaka minne, mshambuliaji Trinity Rodman alipousaini 2022 alikuwa ameshakuwa bingwa na chipukizi bora wa ligi. Upande wa pili, ufadhili kamili kwenye chuo binafsi unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kima hicho, ukijumlisha ada, chumba na chakula. Shida ni kwamba wachezaji wengi wa kike hawana ufadhili kamili. Kwa miaka mingi timu ilikuwa na ufadhili 14 wa kugawana watu karibu thelathini. Kama nyumbani kwenu mnakopa kila muhula ili ubaki chuo, hesabu yako si sawa na ya mwenzako aliyelipiwa kila kitu, hata kama mnacheza nafasi moja.

Sasa makaratasi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko kote. Binti mwenye uraia au kadi ya kijani anaweza kuacha chuo Ijumaa akasaini Jumatatu. Wewe uliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, ya F-1, ukiacha masomo hadhi yako inakwisha. Timu inabidi ikuombee viza ya wanamichezo, P-1, na hiyo inataka ushahidi kwamba jina lako linatambulika kimataifa. Kuwa nyota wa mkoa mmoja wa Marekani kunaweza kusitoshe, na kuitwa timu ya taifa ya nyumbani kunasaidia sana. Juu ya hapo, timu za NWSL huwa na nafasi zenye kikomo kwa wachezaji wa kigeni. Kocha akitumia nafasi moja kwako, anaacha kumleta mtu aliyekwisha kufunga mabao Ulaya.

Nafasi hizo wanazigombea kina nani? Temwa Chawinga wa Malawi, aliyefunga mabao 20 mwaka 2024 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Barbra Banda wa Zambia, aliyefunga bao la ubingwa wa Orlando Pride mwaka huohuo. Racheal Kundananji, ambaye Bay FC walivunja rekodi ya dunia kumnunua. Hakuna hata mmoja aliyepita chuo cha Marekani. Wawili wa kwanza walitokea ligi ya China, wa tatu Hispania. Vivyo hivyo Clara Luvanga na Aisha Masaka wetu, waliotoka Tanzania moja kwa moja kwenda kucheza nje. Ndiyo maana binti aliye Dar es Salaam au Kakamega na tayari analipwa kwenye ligi ya nyumbani, namwambia afikiri mara mbili kabla ya kuifuata njia ya chuo: fedha alizopokea kama mchezaji zinaweza kuhojiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Lakini aliye kidato na ana matokeo mazuri, njia ya chuo ipo. Mganda Sandra Nabweteme alipita chuo cha Southwestern Oklahoma State, Divisheni ya Pili, kisha akaenda kucheza Iceland.

Kwa mwenye F-1 anayemaliza shahada upo mlango mwingine, kibali cha kufanya kazi miezi kumi na miwili baada ya kuhitimu, mradi kazi iendane na ulichosomea. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mapema, muhula mmoja kabla, si wiki ya mahafali. Na mtu asikwambie shahada na mpira ni maadui. Michelle Alozie wa Nigeria alisoma biolojia Yale, akawa anacheza Houston Dash huku akifanya kazi ya utafiti wa saratani ya damu kwenye hospitali ya watoto.

Mawakala. Ukisaini na wakala wa kukutafutia timu ya kulipwa, unahatarisha haki yako ya kucheza chuo, hata kama timu haijapatikana. Kuna vijana wenye kadi nzuri za biashara watakwambia ni utaratibu tu. Usisaini kitu, hata fomu ya simu, kabla ofisi ya kanuni ya chuo chako haijakiona. Na usiione NWSL kama mlango pekee: tangu Agosti 2024 kuna Super League ya USL, nayo ni daraja la kwanza, timu zake bado changa, na timu changa, kama nilivyosema kwa Girma, zina nafasi za wazi.

Ukishaamua kuondoka, mwambie kocha wako wa chuo kabla hajayasikia mtandaoni. Mwambie Desemba, msimu ukiisha, na umuulize mambo mawili: kama ufadhili wako unaweza kukusubiri urudi kumaliza, na kama hilo anaweza kuliweka kwenye barua yenye sahihi. Akikubali kwa mdomo tu, mwandikie barua pepe jioni hiyohiyo ukirudia alichosema na kumshukuru, ili jibu lake libaki kwenye rekodi. Januari atakuwa ameshaanza kugawa fedha zako kwa mtu mwingine, na hilo mimi nalijua kwa sababu kwenye meza ile ya ugawaji siku hizi nakaa mimi.