Pedali ya kwanza ya gitaa: pima kabla hujazungusha

Jioni niliyoikanyaga pedali yangu ya kwanza, kile kiboksi cha kubadilisha sauti ya gita, mbele ya wenzangu wa bendi, gita halikusikika. Kwenye amplifaya alitoka mtangazaji wa redio akisoma matangazo ya vifo. Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha fimbo.

Kosa hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa nimefunga saketi ndani ya kopo la plastiki la aiskrimu, na waya nilizoziacha ndefu zikageuka antena. Nilihamia kwenye boksi la alumini, nikaunganisha boksi lenyewe na upande wa hasi, nikakata waya ziwe fupi, na marehemu wakapumzika. Potensiometa, yaani rezista za kuzungushwa kwa nobu, ndizo zilizonitesa wiki mbili.

Nilijenga fazi (pedali inayoikwaruza sauti ya gita) ya mtindo wa Fuzz Face, ile pedali ya duara iliyotolewa na Arbiter huko London mwaka 1966 na ambayo Jimi Hendrix aliitumia sana. Kwa anayeanza sijaona saketi nzuri kuliko hii: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na potensiometa 2, basi. Zile za kwanza kabisa zilitumia transista za jemaniamu. Wewe chukua za silikoni. Jemaniamu hubadilika kadiri joto linavyopanda, na Dar es Salaam ya Januari haina huruma. Ukirekebisha asubuhi, mchana sauti imeshakuwa nyingine. Ila angalia miguu. BC547 ukiishika upande bapa ukikutazama, miguu inakwenda kolekta, besi, emita. 2N3904 inakwenda kinyume: emita, besi, kolekta. Mimi niliweka moja mahali pa nyingine nikashangaa kimya kilitoka wapi.

Sasa potensiometa. Kariakoo ukiomba “volyumu” utaeleweka haraka zaidi. Kwenye fazi hii unahitaji ya 500K (K ni ohm elfu) kwa sauti na ya 1K kwa ukali wa fazi. Nilinunua nilichopewa, nikachomelea, nikawasha. Nobu ya sauti ikawa na tabia ya ajabu: ukiigusa kidogo tu sauti inaruka juu, halafu safari yote iliyobaki haibadilishi kitu. Nikampelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi redio wa siku nyingi.

“Mwanangu, umeipima?”

“Imeandikwa 500K, mzee.”

“Sikukuuliza imeandikwa nini.”

Akaishika kijiti kikimwelekea yeye na miguu ikitazama chini, akakizungusha hadi katikati, akaweka mita kwenye mguu wa kushoto na wa kati. Ikasoma karibu 250K. Ilikuwa ya B, yaani inayopanda sawasawa. Masikio yetu hayasikii hivyo, kwa hiyo sauti inataka ya A, inayopanda polepole mwanzoni, ambayo pale katikati husoma 50K hadi 75K hivi. Kwa kipimo hicho cha dakika moja ningeokoa wiki nzima. Na ukikuta nobu inapunguza sauti unapozungusha kulia, usivunje kitu: umebadilishana miguu ya pembeni. Mawimbi yanaingia mguu wa kulia, yanatokea wa kati, na wa kushoto unakwenda hasi.

Ile ya 1K ikiwa ya B, fazi yote hujazana mwishoni mwa mzunguko. Ya C, iliyo kinyume cha A, hutawanya vizuri zaidi, lakini si rahisi kuipata. Mimi nimezoea ya B, maana karibu muda wote ninaiacha mwisho kabisa.

Kuna potensiometa ya tatu ambayo mchoro wa zamani hauna, nami nakusihi uiweke. Mahali pa rezista ya 8.2K inayolisha kolekta ya transista ya pili, weka kile kidogo cha kurekebishwa kwa bisibisi, cha 10K au 20K. Washa betri ya volti 9, waya mweusi wa mita kwenye hasi, mwekundu kwenye kolekta hiyo, kisha zungusha polepole mpaka usome kama volti 4.5, nusu ya betri. Yangu ilikuwa inasoma zaidi ya 7, ndiyo maana noti zilikuwa zikikatika kama mtu mwenye kwikwi.

Ukishafika hapo weka mita pembeni. Piga noti moja kwenye waya mnene wa gita, iache ife yenyewe, usikilize inavyokufa. Ikizimika ghafla, rudi kwenye bisibisi, robo ya mzunguko tu. Wapo wanaoipenda ile kwikwi, sigombani nao. Mimi niliishia volti 4.8, nikatia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isisogee.

Kisha punguza sauti kwenye gita lenyewe, si kwenye pedali. Fazi hii hulainika ukifanya hivyo, na unaweza kupiga ridhimu safi bila kuinua mguu. Siku hizi nobu zangu za pedali hukaa palepale, na kazi yote naifanya kwa kidole kidogo.